Maji Hayana Haraka

Ziwa Babati lina viboko, na mzazi mwenye akili zake hamwachii mtoto akaogelee humo. Wavuvi wa perege na kambale wanajua saa za kuingia na saa za kutoka. Wajukuu wanaokuja likizo kutoka Dar es Salaam na Arusha hawajui. Ndiyo maana Mzee, mfanyabiashara wa nafaka aliyestaafu, alichimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake. Majirani walishangaa kidogo, kisha wakazoea, na Jumamosi watoto wao nao wakawa wanapanda kilima wakiwa na taulo begani.

Nyumba yenyewe iko juu, mgongo umeelekea Mlima Kwaraa. Mzee hakupanda huko kwa kutafuta mandhari. Mwaka 1990 ziwa lilifurika, maji yakaingia mjini, naye wakati huo stoo yake ilikuwa bondeni. Tangu hapo akasema akijenga tena, atajenga mahali ambapo maji yatamfikia kwa kusukumwa tu. Alitimiza, lakini nyumba ya kilimani huishi kwa pampu. Moja ilikuwa ya kusukuma maji kutoka tangi la ardhini hadi kwenye mabomba ya nyumba, nyingine ya bwawa. Hii ya pili ndiyo iliyofanya niitwe, miezi ya mwisho ya 2023, nchi ikiwa kwenye mgao wa umeme.

Mimi ni fundi umeme, nimesomea VETA, na kazi zangu nyingi zimekuwa za nyumba za kawaida za Bagara na Maisaka: taa, soketi, jiko la umeme kwa wachache, friji. Bwawa la kuogelea lilikuwa jambo geni kwangu, na nililiendea kama mtu anayekwenda darasani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuita unitafutie mwizi. Luku ya elfu hamsini haimalizi wiki. Kuna mtu amejiunga.”

Kumtafuta mwizi wa umeme ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mita ya Luku ina kitaa chekundu kinachopepesa kila umeme unapopita, na usoni mwake huwa pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Ya Mzee iliandikwa mara 1,000. Nilizima breka zote za nyumba, nikaenda kusimama mbele ya mita. Kitaa kilitulia. Hakukuwa na aliyejiunga kati ya mita na breka, wala waya uliokuwa ukivujisha umeme hapo. Nikawasha breka moja tu, ya bwawa, na kitaa kikaanza. Nilimwomba Mzee ashike saa ya simu yake, mimi nikahesabu kwa sauti. Dakika ilipokwisha nilikuwa nimefika 25.

Hesabu yake ni hii. Mara 25 kwa dakika ni mara 1,500 kwa saa, yaani yuniti moja na nusu kila saa pampu inapozunguka. Ilikuwa mota ya hosipawa moja na nusu, nayo ilikuwa inakula kama mota ya ukubwa huo inavyokula. Haikuwa mbovu. Nikamuuliza Mzee huwa inawashwa saa ngapi kwa siku.

“Kumi na mbili. Asubuhi hadi magharibi. Aliyeniuzia alisema nikiizima tu, maji yatakuwa kijani.”

Saa 12 ni yuniti 18. Mteja wa kawaida wa nyumbani, yule wa tarifa T1, wakati huo alilipa shilingi 292 kwa yuniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, ilifika shilingi 356 na ushee. Kwa hiyo bwawa lilikuwa linameza kama shilingi 6,400 kila siku, karibu shilingi 190,000 kwa mwezi, liwe na waogeleaji au lisiwe nao. Na kwa sehemu kubwa ya mwaka halikuwa nao. Wajukuu huja Juni na Desemba. Juni yenyewe Babati ni baridi, tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mtoto akiingia majini anatoka meno yakigongana.

Kuna namba nyingine niliyoiandika kwenye daftari langu siku hiyo, nayo ilinichoma. Serikali imeweka tarifa nafuu, D1, kwa nyumba inayotumia wastani usiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Nyumba hiyo hununua yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Yuniti 75 ni taa za mwezi mzima, ni redio, ni simu za familia nzima, ni televisheni ya jioni. Pampu ya bwawa lile ilikuwa inazimaliza kwa siku nne na kidogo. Mzee si mtu mchoyo wala mfujaji. Watoto wa majirani walikuwa wanaogelea kwake bila kulipa hata senti. Alikuwa ameambiwa saa kumi na mbili, akatii, kwa hofu ya kuharibu kitu alichokilipia fedha nyingi. Mashine nyingi za majumbani mwetu zinawaka kwa hofu ya namna hiyo.

Aliyeivunja hofu hiyo si mimi. Ni Mama, mke wa Mzee, ambaye ndiye alikuwa mtunzaji halisi wa bwawa. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa majani kwa wavu, anatia klorini, anamkemea mjukuu anayerukia kwenye kina kifupi. Alitusikiliza tukipiga hesabu, kisha akasema:

“Mwanangu, jana umeme ulikatika asubuhi ukarudi magharibi. Juzi hivyohivyo. Hiyo pampu haijafanya kazi siku mbili. Njoo uyaone maji.”

Tukaenda. Upande wa kina kirefu, chini kabisa, kulikuwa na sarafu ya shilingi 200. Mama alikuwa ameidumbukiza mwenyewe, na kila asubuhi aliinama ukingoni kuiangalia. Akiweza kuona kama imelalia upande wa Karume au upande wa simba, basi maji ni safi. Siku hiyo simba walionekana vizuri. Mgao uliokuwa unatukera mji mzima ulikuwa umetufanyia jaribio ambalo hakuna mwenye bwawa angethubutu kulifanya kwa hiari.

Kutokana na sarafu ile nililazimika kujiuliza pampu ya bwawa inafanya kazi gani hasa. Watu hudhani pampu ndiyo inayosafisha maji. Inayoua vijidudu na mwani ni klorini, mradi iwepo ya kutosha, kama miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na uchachu wa maji uwe karibu na 7.4 hivi kwenye kipimo cha pH. Pampu ina kazi mbili: kuichanganya dawa hiyo ienee kila kona, na kuyapitisha maji kwenye filta ya mchanga ili uchafu unaoelea unaswe. Kazi zote mbili zina kikomo. Maji yote yakishapita kwenye mchanga mara moja kwa siku, bwawa la familia lisilo na watu wengi limetosheka. Ya pili na ya tatu ni umeme unaozunguka bure.

Bwawa la Mzee lina urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.4. Hizo ni kama lita 45,000. Kwenye kibati cha pampu iliandikwa kwamba inasukuma lita 18,000 kwa saa, lakini kibati hakijui pampu ilikofungwa. Tukaamua kupima. Wakati wa kuosha filta, maji hugeuzwa yapite kinyume na kumwagwa nje, nasi tuliyaelekeza kwenye pipa la lita 200. Lilijaa kwa dakika moja na sekunde chache. Hizo ni lita 11,000 kwa saa, si 18,000. Hata hivyo zilitosha: bwawa zima linapita kwenye filta kwa saa nne. Saa kumi na mbili zilikuwa zinalipitisha mara tatu.

Tukaanza kupunguza saa, taratibu, kwa daftari. Mama alikuwa anaandika rangi ya maji, hali ya sarafu na kipimo cha klorini. Mimi nilikuwa nafunga taima. Sikumwambia Mzee tushuke mara moja hadi nne, kwa sababu mtu aliyeishi na hofu kwa muda mrefu anahitaji kuona kwa macho yake kila hatua. Tulisimama kwenye saa tano, zikagawanywa mbili: asubuhi, kisha alasiri. Klorini Mama aliihamishia jioni jua likishatua, maana jua kali huila haraka, na pampu ikawa inazunguka kidogo baada ya dawa kutiwa ili kuichanganya.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini tusiiwashe usiku, umeme ukiwa rahisi. Kwa mteja wa T1 umeme hauna usiku wala mchana, yuniti ina bei ileile saa zote. Tena kilimani kule usiku una ubaya wake. Kuanzia saa moja hadi saa nne, kila nyumba ikiwa imewasha, volti zinashuka. Nimepima 190 mahali palipotakiwa kuwa na 230. Mota ikipata volti chache huvuta ampea nyingi kufidia, waya wake wa ndani unachemka, na siku moja unanusa harufu ya kuungua. Mchana mota iko salama zaidi.

Kupunguza saa peke yake kuliishusha pampu kutoka yuniti 18 kwa siku hadi saba na nusu, na hatukununua chochote isipokuwa taima. Nasisitiza hili kwa sababu wenye mashine za kuuza huanza na mashine. Mwenye nyumba aanze na saa.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Mteremko mzima ulileta udongo mwekundu bwawani na sarafu ya Mama ikapotea. Tarehe 3 Desemba 2023 tope likaporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh, jirani zetu kabisa, na kwa majuma kadhaa hakuna mtu mwenye moyo aliyekuwa anazungumzia bwawa la kuogelea. Nguo, mablanketi na unga vilikuwa vinakusanywa. Mzee alitoa magunia. Bwawa likabaki na rangi ya chai ya maziwa.

Tuliporudi kwake, mimi nilikuwa tayari kuirudisha pampu kwenye saa nyingi. Udongo mwembamba namna ile hupita katikati ya chembe za mchanga wa filta na kurudi bwawani. Ukiongeza saa, unauzungusha tu. Mama akasema tujaribu shabu, ileile ambayo akina mama wamekuwa wakitia kwenye mapipa ya maji ya mto tangu zamani ili tope lituame. Shabu inaufanya udongo ushikamane kuwa vibonge vizito, vibonge vinazama. Lakini inataka maji yatulie. Tuliiyeyusha kwenye ndoo, tukaisambaza juu ya maji, tukazungusha kidogo ichanganyike, kisha tukazima pampu hadi kesho yake. Asubuhi tope lilikuwa limelala sakafuni kama zulia. Tukalivuta polepole kwa mpira na kulimwaga moja kwa moja kwenye migomba bila kulipitisha kwenye filta. Kazi ambayo pampu isingeiweza kwa wiki nzima ilifanyika pampu ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama pampu yenyewe kwa jicho jingine. Kati yake na filta kulikuwa na koki, nayo ilikuwa imefungwa nusu. Mzee alisema fundi aliyeifunga pampu ndiye aliyeiacha koki hivyo, kwa sababu ikifunguliwa yote filta inatetemeka. Maana yake ilikuwa wazi. Pampu ilikuwa kubwa kuliko filta. Mchanga unafanya kazi yake maji yakipita kwa utulivu. Yakipita kwa kasi, yanausukuma uchafu upenye hadi upande wa pili. Badala ya kuleta pampu ndogo, ilinunuliwa kubwa kisha ikabanwa koo. Ilikuwa inavuta umeme wa kusukuma maji na umeme wa kupigana na koki.

Maji yanayokimbia ndani ya bomba yana sheria moja ambayo fundi yeyote wa pampu angepaswa kulala nayo. Msuguano hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo wa maji mara mbili, msuguano unaongezeka karibu mara nne, na nguvu inayotakiwa kuyasukuma inakaribia mara nane. Mwendesha bodaboda wa barabara ya kwenda Magugu analijua jambo hili mwilini mwake: akienda 40 upepo ni burudani, akienda 80 upepo ni ukuta na tangi la mafuta linakauka. Geuza sheria hiyo upande wa pili na utaona faida ilipo. Ukipunguza mwendo wa maji kwa nusu, unahitaji karibu sehemu moja ya nane ya nguvu. Itakubidi uiwashe pampu muda mara mbili ili kiasi kilekile cha maji kipite, lakini hata hivyo umetumia robo tu ya umeme. Katika maisha mara nyingi tunaambiwa kazi ikifanywa haraka inaisha na gharama inapungua. Kwa maji ni kinyume.

Nchi zenye mabwawa mengi ya nyumbani zimeshaiandika sheria hii ya maumbile kwenye sheria za serikali. Marekani, kanuni ya Idara ya Nishati iliyoanza kutumika Julai 2021 iliweka kiwango cha ufanisi ambacho pampu kubwa za bwawa za mwendo mmoja haziwezi kukifikia kwa urahisi, na soko likahamia kwenye pampu zinazobadili mwendo. Pampu hizo ni nzuri, zinazunguka polepole karibu siku nzima bila kelele. Kwetu zinapatikana kwa kuagiza na bei yake ni nzito. Tena kifaa chake cha kubadili mwendo ni cha kielektroniki, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hakiupendi. Sikumshauri Mzee aende huko.

Nilimshauri anunue pampu ndogo, ya robo tatu ya hosipawa, na tuifungue koki yote. Ilikuwa vigumu kumshawishi. Mzee ni mtu wa magunia, na kwake kitu kikubwa kina thamani kuliko kidogo. Muuzaji wa mjini Arusha tuliyempigia naye alisema pampu ya ukubwa ule ni ya kuchezea, bwawa la lita 45,000 linataka mashine. Mama ndiye aliyemaliza ubishi: “Hata hii kubwa tumeshaizima siku ngapi? Maji yamekataa?”

Tukaifunga ndogo. Koki wazi kabisa. Kapu la kunasa majani limesafishwa, maana migrevilea ya jirani huangusha majani yake membamba na yanaziba kapu kwa siku mbili tu. Filta imeoshwa hadi maji ya kumwagwa yakawa meupe. Nikaweka pipa lilelile la lita 200. Pampu kubwa ilikuwa inalijaza kwa dakika na sekunde chache. Ndogo ililijaza sekunde kumi hivi baadaye. Mzee akasema turudie, huenda nimesoma saa vibaya. Tukarudia. Kisha tukaenda kwenye mita, breka zote zimezimwa isipokuwa moja, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu. Alifika 13. Maji yalikuwa karibu yaleyale, kwa nusu ya umeme. Nusu nyingine ilikuwa inapotea, sehemu yake kwenye koki iliyobanwa.

Kwa saa tano hizo ni yuniti nne kasoro kwa siku, chini ya shilingi 1,400. Mwezi mzima ni kama shilingi 42,000, mahali palipokuwa panakwenda 190,000. Pampu ndogo ilirudisha bei yake kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki ni utunzaji, na utunzaji wenyewe ni kusoma geji. Filta ikiwa safi, geji ya Mzee inasimama kwenye 0.6 ya bar. Uchafu ukijaa mchangani sindano inapanda, na ikifika 1.1 au 1.2 ni wakati wa kuosha. Ukiosha kila siku kwa mazoea unamwaga maji uliyoyalipia; usipoosha, pampu inasukuma dhidi ya ukuta. Mama aliweka alama ya rangi ya kucha kwenye kioo cha geji, hapo kwenye 1.1, ili hata kijana wa bustani aone bila kuuliza.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ukaingiza megawati 235 kwenye gridi ya taifa, wa kwanza kati ya mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115. Mgao ukaanza kusahaulika. Mzee akaniuliza, sasa umeme upo, hatuwezi kurudisha saa? Nilimjibu kwamba wingi wa umeme Rufiji haujapunguza shilingi 356 za Babati. Na maji hayakuwa yamelalamika. Saa zikabaki tano, zikapanda hadi nane Desemba watoto wanapojaa, zikashuka hadi tatu wakati wa baridi ya Julai, maana kwenye maji ya baridi mwani hukua polepole.

Wasomaji wengi hawana bwawa, najua. Wengi wana pampu ya maji ya nyumbani, na mambo ni yaleyale. Kupandisha lita 1,000 za maji kwenda juu mita 10, kwa hesabu tupu ya fizikia, hakuhitaji hata sehemu ya thelathini ya yuniti. Pampu ndogo nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya umeme wake ndani yake zenyewe, hivyo tuseme sehemu ya kumi ya yuniti. Kama pampu yako inakula yuniti nzima kujaza simtanki ya lita 1,000, kuna kitu kinaila: valvu ya chini inavujisha na maji yanarudi kisimani, bomba ni jembamba, au pampu inavuta hewa.

Kule kwa Mzee pampu ile nyingine, ya maji ya nyumbani, inayojiwasha yenyewe bomba likifunguliwa, ilikuwa inanguruma usiku watu wote wakiwa wamelala. Mama alidhani ni upepo kwenye bati. Nililala kwao usiku mmoja nikaisikia: sekunde chache, kimya, sekunde chache tena. Choo cha wageni kilikuwa kinavuja kwa uzi mwembamba wa maji usiosikika. Presha ikishuka, pampu inaamka kuirudisha. Kila mara mota inapoanza huvuta ampea nyingi kuliko inapokuwa imeshika kasi, na ilikuwa inaanza usiku kucha. Mpira wa kuzibia tangi la choo unauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Tuliubadilisha asubuhi, kabla ya chai.

Kwa wewe unayejenga mwaka huu, uwe unachimba bwawa au unavuta maji ya simtanki, neno langu ni moja na ni la kabla ya zege. Mwambie fundi bomba alaze bomba la inchi mbili, si inchi moja na nusu. Kwa maji yaleyale msuguano unashuka hadi karibu robo. Mwambie apunguze elbo, kila kona ni kizuizi, na palipo na nafasi apinde kwa mapana. Chumba cha pampu kiwe karibu na bwawa na chini ya usawa wa maji, ili pampu isihangaike kuvuta. Uliza ukubwa wa filta kwanza, ndipo uulize ukubwa wa pampu. Anayekuuzia akikuambia kubwa ndiyo bora, mwombe akae mbele ya mita yako kwa dakika moja, breka nyingine zote zikiwa zimezimwa, ahesabu kitaa kinapepesa mara ngapi. Bomba jembamba likishafukiwa chini ya zege, utalilipia kila unaponunua Luku, hadi siku utakayovunja sakafu.